Uliza Sista: Homa iliisha, halafu miguu ikakataa

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinaanza na sentensi moja, "Sista nilikuwa na homa ya kawaida tu." Baridi ya Julai ikishika Nairobi kila mtu anakohoa, kwa mat, kanisani, kwa foleni ya maji. Wengi inaisha na tangawizi na ndimu na hawakumbuki tena. Hizi tano hazikuishia hapo. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, mnisamehe.

*Sista, habari yako. Naandika juu ya mzee wangu, ana miaka 41 ni fundi wa kuchomelea vyuma huku Pipeline. Wiki tatu zimepita alishikwa na homa, kukohoa na mafua kama sisi wote kwa nyumba, akameza dawa ya kemisti ikaisha akarudi kazi. Sasa tangu Ijumaa anasema nyayo ziko na ganzi kama mtu amekalia mguu, Jumapili slipasi ikawa inamtoka njiani na hajui imetoka, na leo Jumanne ngazi zimemshinda, sisi tunaishi floo ya sita na huyu ni mtu alikuwa anapandisha mitungi miwili ya maji mara moja bila kusimama, sai anajivuta na reli kwa mikono akifika floo ya tatu anakaa chini. Tulienda kliniki hapa karibu wakasema ni taifodi wakamdunga sindano. Jirani anasema ni baridi imeingia kwa mifupa nimchue na mafuta. Dadake naye amepiga simu kutoka ushago anasema hiyo si ya hospitali, kuna mtu walikosana kazini. Kwani hii homa si iliisha? Ama imerudi kwa miguu?* — Mama wa Watatu, Pipeline

Mamangu, barua yako sikuingojea gazeti. Mhariri alinisomea kwa simu nikiwa kwa mat naenda shift, nikashuka stage ambayo sishukangi nikakupigia hapo kando ya barabara, na kwa sababu umeniruhusu nitawasimulia wengine ilivyoenda.

Nilikuuliza vitu vitatu tu. Ganzi imekaa pale pale ama inapanda? Ni mguu mmoja ama yote miwili? Akilala chali anapumua na kumeza mate sawa? Ukanijibu, "Sista, Ijumaa ilikuwa nyayo, leo asubuhi iko magotini, na sai anasema vidole vya mikono vimeanza." Hapo nikakwambia mtoe sasa hivi, usingoje kesho, usimrudishe kliniki ile, mpeleke hospitali kubwa yenye ICU. Vijana wa ploti wakamshusha floo sita akiwa amekalia kiti cha plastiki. Niliambiwa alikuwa anacheka njiani, anawaambia wasimwangushe kabla hajalipa rent.

Huu ugonjwa unaitwa Guillain-Barré, kwa majina ya madaktari wawili Wafaransa walioueleza mwaka 1916 baada ya kuona wanajeshi wawili waliolegea miguu na mikono kisha wakapona. Walikuwa watatu kwa kweli, mwenzao André Strohl jina lake likaachwa nje, mambo ya kawaida hayo hata ofisini kwetu. Ni ugonjwa adimu, mtu 1 au 2 kati ya laki moja kwa mwaka, kwa hivyo nesi anaweza fanya kazi miaka mingi kwa kliniki ndogo asiuone hata mara moja, na ndio maana siwatukani wale wa taifodi ingawa hapa Nairobi ukilalamika hata kidole utaambiwa ni taifodi.

Umeuliza kama homa imerudi kwa miguu. Haijarudi, na hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Kirusi chenyewe kilishaenda. Kilichobaki ni askari wa mwili waliotengenezwa kupigana nacho. Wewe unajua kanjo wakiingia soko kutafuta hawker mmoja mwenye aproni ya bluu, wanabeba kila mtu mwenye kitu cha bluu, hata mama aliye na laiseni yake kwa mfuko. Sasa hapa askari wa damu waliona kitu kwenye neva kinafanana na kile cha mdudu wakaanza kukipiga. Neva ni kama waya wa stima, iko na ganda la nje, na kwa wengi ni lile ganda linaliwa. Umewahi kuona waya panya ametafuna, taa inawaka ikizima? Ubongo unatuma amri "inua mguu" na amri inapotelea njiani. Neva ndefu zaidi ni zile zinazofika nyayo, kwa hivyo taabu mara nyingi inaanza huko inapanda. Karibu thuluthi mbili ya wagonjwa walikuwa na homa ya kifua ama tumbo la kuhara ndani ya wiki 6 zilizotangulia. Na hauambukizi, watoto wako wamkumbatie tu.

Kuhusu wifi yako, sitaki mkosane. Mwambie tu hivi, huu ugonjwa una ratiba. Unaanza chini, unashika pande mbili, unapanda, kwa wengi unafika kilele ndani ya wiki mbili na kwa karibu wote ndani ya wiki nne, halafu unasimama, halafu pole pole unarudi nyuma. Yule waliyekosana naye kazini hana uwezo wa kupanga hivyo. Maombi aombe, na ombeni sana, lakini aombe mkiwa hospitali.

Kwa nini nilikuwa na haraka hivyo? Si miguu. Miguu inaweza kungoja. Misuli ya kupumua ndiyo haingoji, na karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne huishia kwenye mashine ya kupumulia. Ule ujanja tunatumia wodini hauhitaji mashine, tunamwambia mtu avute pumzi moja ahesabu kwa sauti, moja mbili tatu, bila kupumua tena. Mzee wako siku ya kwanza alifika ishirini na tano. Kesho yake asubuhi kumi na nane, jioni kumi na mbili na sauti imeanza kuwa ya puani, na alikuwa bado anasema "niko sawa Sista." Mwanamume wa Pipeline akikuambia yuko sawa usimwamini, hesabu. Usiku huo alihamishwa ICU kabla hajazidiwa, na nyinyi mnaosoma msitumie hii hesabu kukaa nayo nyumbani mkijipima, mtu ameanza kupanda ganzi mlete.

Pia mapigo ya moyo na presha huruka juu chini bila onyo, na mgongo na mapaja huuma sana, wengine huanza na maumivu kabla ya udhaifu ndio maana wanaishia kuchuliwa. Kuchua hakumuui mtu. Kinachoua ni zile siku tatu za kuchua.

Sasa sindano ya mgongo. Mlikataa mara ya kwanza, najua, kila mtu Eastlands ana binamu aliyesikia kuna mtu alidungwa mgongoni akapooza. Ile sindano inaingia chini ya pale uti wa mgongo umeishia, inatoa maji kidogo tu, na kwa huu ugonjwa tunatafuta protini iliyopanda huku seli ziko chache. Wiki ya kwanza majibu yanaweza kuwa sawa kabisa na bado awe nao. Halafu kuna kipimo cha umeme wa neva, kinachoma choma kama kugusa fensi ya stima lakini kwisha ni kwisha. Tunapima potasiamu pia, chumvi moja ya damu, kwa sababu ikishuka sana inaweza kulegeza mtu hivi hivi na dawa yake ni tofauti kabisa. Na yule ambaye ganzi imemzunguka kiunoni kama mshipi na mkojo umekataa kutoka, huyo tunamtazama uti wa mgongo wenyewe, nao pia unaweza kuvimba baada ya homa.

Dawa ni mbili na zinalingana nguvu. Moja ni kusafisha damu kwa mashine, wanatoa ile maji ya damu yenye hao askari wanarudisha nyingine, mara kadhaa kwa muda wa wiki moja au mbili. Ya pili ni sindano ya kingamwili inayotengenezwa kutoka kwa damu ya maelfu ya watu waliojitolea, gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili kila siku kwa siku 5. Mzee ana kilo 70, kwa hivyo ni gramu 28 kwa siku, gramu 140 zote. Ni ghali, ghali ya kukaa chini ushike kichwa, na nilimwona Mama wa Watatu amekaa kwa korido na karatasi ya bei mkononi ameikunja mpaka imekuwa kama tiketi ya mat. Tafuta afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, usingoje bili ifike, uliza dawa gani iko stoo, na hiyo grupu ya mchango ifunguliwe mapema. Zinafanya kazi vizuri zikianzwa wiki mbili za mwanzo, kwa hivyo kila siku ya taifodi ni siku umeliwa.

Na tafadhali, zile tembe za steroidi watu wanapewa kwa kemisti kwa kila kitu, hizi hazisaidii Guillain-Barré. Shika hiyo, nitairudia kwa barua inayofuata.

Kama 8 kati ya 10 wanatembea wenyewe ikifika miezi 6. Wengine uchovu unawafuata mwaka na zaidi, na kati ya 100 huwa tunapoteza 3 mpaka 7, sitakuficha. Mzee wako alikaa siku 11 na mashine. Juzi fizio alimsimamisha akishikilia fremu akapiga hatua nne, akataka ya tano, wakamkatalia. Mtafute nyumba ya chini kwa miezi michache, hiyo floo ya sita isahau. Kurudiwa na ugonjwa ni nadra.

Kwa wenye watoto, mtoto chini ya miaka 15 akilegea ghafla mkono au mguu, hospitali itaripoti na kuchukua choo mara mbili, siku moja ikipita katikati, ndani ya siku 14. Ni ya kuangalia polio. Msishtuke mkadhani wamesema mtoto ana polio, ni sheria ya kila mtoto.

*Sista mimi ni konda route ya Kawangware. Nilikuwa na homa wiki jana, ikaisha. Jana nimeamka naenda kupigia dere mluzi aondoke, mluzi hautoki, hewa tu. Chai inamwagika kwa kona ya mdomo na jicho la kushoto halifungi. Abiria mmoja akaniambia nimepigwa kofi na jini usiku. Wenzangu wanasema ni dirisha la mat. Nimepewa namba ya mtu wa mitishamba.* — Konda, Kawangware

Kaka, wewe nilikujibu kwa ujumbe siku ile ile, hapa naandikia wengine. Hiyo ya mluzi imenifurahisha, samahani, si kwa ubaya, ni vile hakuna daktari angefikiria kipimo kizuri hivyo kwa konda.

Neva ya uso inapita kwenye tundu jembamba la mfupa nyuma ya sikio. Ikivimba haina pa kwenda, kama mat mbili zimekutana kwa kichochoro cha Kawangware, na upande mmoja wa uso unalala. Inaitwa ugonjwa wa Bell, kwa jina la Charles Bell daktari wa upasuaji wa Uskoti. Mara nyingi kirusi kinashukiwa ingawa hakipatikani. Jini hapana. Dirisha pia hapana, lifunge tu kwa sababu ya vumbi.

Cha kwanza ni kujua si kiharusi. Inua nyusi kwa kioo. Kama paji la uso upande mbovu limekuwa laini kama sahani, halikunji, hiyo inaelekea neva ya uso. Kama paji linakunja sawa pande zote lakini mdomo umepinda, ama mkono umelegea ama maneno yanateleza, hiyo ni ya kukimbia, kiharusi kinahesabiwa kwa dakika. Lakini usijipime ukalala, nenda uonwe vyovyote vile, na uonwe mapema, kwa sababu hapa steroidi ndiyo dawa, prednisoloni, na inasaidia ikianzwa ndani ya saa 72. Ndio hiyo niliwaambia mshike. Tembe ile ile, magonjwa mawili yote yamekuja baada ya homa, moja inasaidia nyingine haina faida, na jirani yako aliyepona nayo hajui tofauti. Watakupima sukari kwanza juu hizo tembe zinapandisha sukari, na watakuuliza upimwe HIV, usikasirike, wakati mwingine uso kupinda ndiyo dalili ya kwanza mtu anapata.

Jicho ndilo unaweza poteza kizembe. Matone ya machozi mchana, miwani ukiwa mlangoni mwa mat, usiku lifunge na plasta ya karatasi, juu likikaa wazi linakauka linapata kidonda. Uso wenyewe, 7 kati ya 10 wanarudi sawa kabisa hata bila dawa, na dawa inaongeza hiyo idadi. Wiki tatu nne utaona kona ya mdomo imeanza kujaribu. Mpaka wakati huo gonga bodi na sarafu dere atasikia.

*Mjukuu wangu ana miaka miwili, alikuwa na mafua na joto jingi akapata degedege. Mama yake alitia kijiko mdomoni. Mimi nataka kumpa nusu ya ile tembe yangu ya maumivu ya kichwa ya dukani. Je, sasa ana kifafa?* — Nyanya, Kariobangi

Shosho, shikamoo. Hiyo ya joto si adimu kama zingine za leo, watoto 2 mpaka 5 kati ya 100 huipata kati ya miezi 6 na miaka 5, na wengi hawana kifafa wala hawatakuwa nacho. Kijiko kisiingie tena mdomoni, kinavunja meno. Mlaze kwa ubavu, angalia saa, ondoa vitu vigumu karibu. Ikipita dakika 5, ikirudi mara ya pili siku hiyo, shingo ikikauka, ama imeisha na mtoto haamki vizuri, beba. Na hata ikiisha mara moja, kama ni mara yake ya kwanza aonwe siku hiyo hiyo, kuna malaria na homa ya uti wa mgongo lazima ziangaliwe.

Tembe yako, hapana kabisa. Nyingi za dukani zimechanganywa na aspirini. Mtoto mwenye kirusi cha homa au tetekuwanga akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa wa Reye, daktari wa Australia Douglas Reye aliueleza mwaka 1963, ini na ubongo vinaharibika pamoja. Unaanza homa ikiwa inaisha, mtoto anatapika tapika, kisha anachanganyikiwa, kisha analala na haamki. Ni nadra sana siku hizi, na sababu moja kubwa ni kwamba watu waliacha kuwapa watoto aspirini. Mpe parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake.

*Nasikia chanjo ya homa ndiyo inaleta huo ugonjwa wa kulegea miguu. Kweli ama porojo?* — Msomaji, South B

Kuna mbegu ya ukweli. Mwaka 1976 Marekani walichanja watu zaidi ya milioni 40 dhidi ya homa ya nguruwe, ikaonekana kesi za Guillain-Barré zimeongezeka, kama 1 zaidi kwa kila watu laki moja waliochanjwa, na mpango ukasimamishwa mwezi wa Desemba. Tangu hapo kila mwaka inafuatiliwa na hatari imeonekana kuwa ndogo zaidi, kama 1 au 2 kwa milioni pale inapoonekana. Homa yenyewe inaleta huo ugonjwa zaidi kuliko chanjo. Ukiwa uliwahi kuupata, mwambie daktari kabla ya kuchanjwa, mtaamua pamoja.

*Nauza chakula Githurai. Tangu nipate corona pua ilikufa, ikarudi nusu, sasa kitunguu kikiungua kwa mafuta kinanuka kama takataka ya wiki. Wateja wanasema chakula kiko sawa, mimi natapika. Naonja kwa kumuuliza msichana wa kazi.* — Mpishi, Githurai

Dada, hujarukwa na akili. Kirusi cha corona kilipiga zile seli zinazozitunza neva za kunusa, neva zikabaki bila mlezi, na zikianza kuota upya zinaunganika ovyo, ndiyo harufu inakuja imepinda. Kitunguu, saumu, kahawa na nyama ya kukaanga ndizo zinalalamikiwa sana, yaani menyu yako yote. Kupinda huko mara nyingi ni alama kwamba neva zinarudi.

Kuna mazoezi ya kunusa ambayo mtafiti Mjerumani Thomas Hummel na wenzake walichapisha mwaka 2009, harufu nne, waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Wewe karafuu unayo kwa pilau, limau unayo, mkaratusi nunua mafuta chupa ndogo, waridi tumia mafuta ya waridi ya Eastleigh. Asubuhi na jioni, kila moja sekunde kama kumi hivi, unanusa pole pole huku unaikumbuka ilivyokuwa, hata kama husikii chochote. Fanya wiki 12 zote, watu wanaacha ya tatu juu wanaona ni upuzi. Supu za moto zikikushinda pika mapema ukiwa karibu na dirisha, na wewe mwenyewe kula vitu vilivyopoa, vinanuka kidogo.

Lakini gesi ndiyo inanitia wasiwasi zaidi ya kitunguu. Hutasikia ikivuja. Huyo msichana wa kazi kabla ya kuwasha asubuhi yeye ndiye anuse kwanza, paka sabuni ya povu kwa mpira na regyuleta uone kama inatoa mapovu, na usiku mtungi ufunge kwa juu, si kwa jiko tu.